Kwa nini tamasha la Edinburgh lilikua hadi kuujaza mji mzima kwa vichekesho?

Kila mwezi wa Agosti, Edinburgh, mji mkuu wa Scotland wenye wakaazi wapatao nusu milioni, hujaa wachekeshaji. Tamasha linalowavuta huitwa Fringe. Mwaka 2019 lilikuwa na maonyesho zaidi ya 3,800 na tiketi zilizotolewa zilizidi milioni 3, ingawa tiketi si vichwa vya watu, kwani mtazamaji mmoja huweza kukata tano kwa siku. Mwaka 2008 vichekesho viliipita kwa wingi, kwa mara ya kwanza, michezo ya kuigiza iliyolianzisha tamasha hilo. Imekuwaje?

Sisi wa Unguja, tuliozoea kuiona Ngome Kongwe ikifurika kila Februari kwa Sauti za Busara, huwa na jibu tayari: walete wenye majina, mpate mfadhili, watu watakuja. Jibu hilo halikutoka hewani. Sauti za Busara, iliyoanza mwaka 2004, huchagua wasanii wake na kutegemea sana wafadhili, na mwaka 2016 ilibidi isifanyike kwa kukosa fedha, ikarudi mwaka 2017. Anayelijua tamasha la namna hiyo hudhani kwamba yote hukua kwa njia moja.

Edinburgh haikukua hivyo. Mwaka 1947, mji ulipofungua tamasha rasmi la sanaa baada ya vita, vikundi 8 vya maigizo ambavyo havikualikwa vilikwenda hivyo hivyo na kuonyesha kazi zao pembeni. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1958 kusimamia mambo ya pamoja, kama vile kitabu cha ratiba, ilishikilia msimamo kwamba haitachuja maonyesho: mwenye kupata ukumbi na kulipa ada ya kuandikishwa anaingia. Majina makubwa hayakulikuza tamasha. Mengi yalitoka humo. Tuzo ya vichekesho ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1981, ilikwenda kwa kundi la chuo kikuu cha Cambridge, na miongoni mwao walikuwamo Stephen Fry, Hugh Laurie na Emma Thompson, vijana ambao umma ulikuwa haujawajua. Kwa upande mwengine, tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, lililoanza mwaka 1983 na kusifika kwa nyota na mikataba ya televisheni, lilifutwa mwaka 2024 baada ya kampuni yake kuelemewa na madeni, na likarejea mwaka 2025 chini ya wamiliki wapya. Majina hayakulikinga.

Nguvu iliyolikuza tamasha la Edinburgh inafanana na ya mnada wa samaki wa Malindi, hapa Unguja. Mvuvi aliyepata jodari wawili angeweza kuwauza kijijini kwake, lakini huko atakuta wanunuzi wachache, nao ndio watakaompangia bei. Mnadani wamo wachuuzi, wenye mikahawa na watu wa mahoteli, wote asubuhi moja na mahali pamoja. Wanunuzi hao hawakumfuata yeye. Wamekuja kwa sababu wana hakika kwamba samaki watakuwapo, wakimkosa huyu watampata yule. Kila mvuvi anayeongezeka humpa mnunuzi sababu ya kuja, na kila mnunuzi anayeongezeka humpa mvuvi sababu ya kuleta. Tena mnada haumlipii mvuvi mafuta ya boti. Akirudi mikono mitupu, hasara ni yake, na mnada unaendelea.

Wanunuzi wa Edinburgh ni waandishi wa habari, watayarishaji wa redio na televisheni na wenye kumbi, wanaofika kutoka London na nchi nyengine, na mchekeshaji anaweza kukutana nao wote ndani ya wiki chache. Gharama za ukumbi, malazi na matangazo huzibeba mwenyewe, na kwa kawaida yeye ndiye anayesimama barabara ya Royal Mile akigawa vipeperushi vya onyesho lake. Tamasha hukua bila bajeti ya mtu mmoja kukua.

Ukumbi nao una siri yake, na hapa ndipo vichekesho vilipopata faida kubwa. Onyesho moja huchukua muda usiofika saa nzima. Chumba cha chini chenye viti 50 huweza kupokea maonyesho mengi kuanzia mchana hadi usiku: mmoja akimaliza watazamaji hutoka, viti hupangwa, na mwengine anashika kipaza sauti. Kikundi cha maigizo chenye mapazia na makabati ya jukwaani hakiwezi kuhama kwa dakika 15. Mchekeshaji hana cha kuhamisha.

Hata hivyo, utaratibu huu pekee hauelezi ukuaji wote. Klabu ya Comedy Store ilifunguliwa London mwaka 1979, na kituo cha televisheni cha Channel 4 kilianza mwaka 1982, na vyote viwili viliongeza idadi ya wachekeshaji na ya waliowatafuta. Kutenganisha mchango wa mji na wa zama ni kazi ngumu.

Kikomo cha ukuaji kinaonekana kwenye vitanda. Wanafunzi wa chuo kikuu huwa likizo mwezi wa Agosti, hivyo madarasa hugeuka kumbi na mabweni hugeuka malazi, lakini bado kodi za vyumba hupanda mno, na wasanii wengi huondoka na hasara. Mwaka 1996 mchekeshaji Peter Buckley Hill alianzisha maonyesho yasiyo na kiingilio, ambapo ndoo hupitishwa mwishoni na kila mtu hutoa alichonacho; hayo yalipunguza gharama ya ukumbi, si ya kulala. Mji Mkongwe, ambao mtu huutembea kwa miguu kutoka Shangani hadi Malindi, unao ukaribu ambao tamasha la namna hii huuhitaji, lakini Agosti hapa ni msimu wa watalii na nyumba za wageni zimejaa. Vyumba hushuka bei wakati wa masika, na jukwaa la Ngome Kongwe halina paa.