Mchungaji akihubiri mazoezi, je, waumini watatembea?

Wengi hudhani kwamba katika makanisa ya Wamarekani Weusi neno la mchungaji linatosha: akikemea uvivu Jumapili, Jumatatu watu wako barabarani. Sivyo. Huko South Carolina, jimbo la Marekani, mpango uitwao FAN (Faith, Activity, and Nutrition, yaani Imani, Mazoezi na Lishe), ulioanza na makanisa ya AME (African Methodist Episcopal, dhehebu la Wamarekani Weusi), haukutegemea mimbari peke yake. Ulifundisha kamati za waumini, na hata wapishi wa kanisa (hapo ndipo naona akili ilipotumika), ili kanisa lenyewe libadilike: watu wapewe nafasi ya kujinyoosha katikati ya shughuli, vikundi vya kutembea viundwe. Dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kiwango kinachopendekezwa kwa watu wazima, hupatikana kirahisi zaidi ukiwa na mwenzako anayekungoja mlangoni.