Goti Likilia "Ta!": Yanayosemwa Uwanjani na Ukweli Wake

Jumamosi moja jioni pale uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, msichana wa timu yetu aliruka kupiga kichwa, akatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani. Hakuna aliyemgusa. Sisi tuliokuwa kando ya mstari tulisikia "ta!", kama kijiti kikavu kinapovunjika. Dakika kumi baadaye alisimama, akachechemea hadi nilipokuwa, akasema, "Kocha, niko sawa, nirudishe." Kufikia saa mbili usiku goti lilikuwa limevimba kama boga.

"Ukiweza kutembea, hujaumia."

Kati ya kauli za uwanjani, hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana imewamaliza wachezaji wengi wazuri wa Eastlands. Goti lina ligamenti kubwa nne, yaani tepe ngumu zinazoshikanisha mfupa na mfupa. Mbili ziko pembeni, na mbili ziko katikati zimepishana kama alama ya X. Ile ya mbele kati ya hizo za katikati, ambayo wachezaji wanaiita ACL, huzuia muundi usiteleze mbele na goti lisizunguke kupita kiasi. Kutembea barabarani hakuitegemei sana. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa nayo imekatika kabisa na bado akadandia matatu kwenda kazini.

Wiki ya tatu uvimbe unapungua, anarudi uwanjani, anageuka kwa kasi na goti linamtoka. Kila likitoka hivyo, gegedu zilizo kati ya mifupa huchanika au husagika, na gegedu ikishaharibika huwa ngumu kupona. Jeraha la kwanza lingetibika vizuri. Hilo la pili ndilo humfanya mtu wa miaka 30 kushuka ngazi kama mzee.

Kwa hiyo ukisikia mlio, goti likavimba ndani ya saa chache, na ukahisi haliaminiki unapolikanyagia, chukulia kwamba ligamenti imekatika mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Uvimbe wa haraka hivyo mara nyingi ni damu ndani ya goti.

"Eksirei ilikuwa safi."

Eksirei huonyesha mifupa, na ni muhimu kujua kama kuna uliovunjika. Ligamenti yenyewe haionekani humo. Kinachosaidia kwanza ni mikono ya daktari au mfiziotherapia anayejua magoti: anakulaza chali, anakunja goti kidogo, anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, kisha anauvuta muundi mbele. Kwenye goti lisiloumia, muundi hukwama ghafla, kama kamba iliyokazwa. Kwenye goti lenye ligamenti iliyokatika, huendelea kuteleza. Wanakiita kipimo cha Lachman, na hakihitaji mashine yoyote. MRI, picha ya mashine inayoonyesha hata sehemu laini za goti, huja baadaye kuthibitisha na kuonyesha hali ya gegedu, na kwa kuwa ni ghali, usiikimbilie kabla ya kupimwa kwa mikono.

"Likande kwa maji moto."

Najua wanaotukanda wanatutakia mema. Lakini siku mbili tatu za mwanzo, joto na kukandwa kwa nguvu huongeza kuvuja damu na uvimbe. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, funga bendeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mto. Na kama goti limeteguka kwa ajali ya bodaboda, halafu mguu ukawa baridi, mweupe au umekufa ganzi, usimpeleke mtu kwa fundi wa viungo. Mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti unaweza kuwa umeumia, na saa chache tu zinatosha kumpotezea mguu. Mpeleke hospitali kubwa ya karibu mara moja.

"Lazima upasuliwe, na ukishapasuliwa umepona."

Hizi ni dhana mbili zinazotembea pamoja. Ligamenti ya upande wa ndani wa goti kwa kawaida hupona bila kisu, kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi, kuanzia wiki chache hadi miezi mitatu hivi. Hata ACL si kila mtu huhitaji kupasuliwa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia vijana 121 waliokatika ACL. Miongoni mwa walioanza na mazoezi, takriban nusu walikuwa bado hawajapasuliwa miaka mitano baadaye. Anayehitaji upasuaji zaidi ni yule ambaye goti linamtoka hata baada ya mazoezi, aliyechanika gegedu pia, au anayetaka kurudi kwenye soka, raga au kikapu.

Na mara nyingi hawaishoni ile iliyokatika. Huchukua kano (tepe inayoshikanisha msuli na mfupa) ya mgonjwa mwenyewe, ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti, na kuipandikiza mahali pake. Kano hiyo huchukua miezi mingi kuwa imara. Wanaorudi uwanjani kabla ya miezi tisa huumia tena kwa wingi zaidi.

"Pumzika tu." Siku chache, ndiyo. Baada ya hapo paja hunyauka haraka ajabu, kwa hiyo anza mapema kunyoosha goti kikamilifu na kukaza msuli wa paja, ukielekezwa na fizio.

"Ni bahati mbaya tu." Majeraha mengi ya ACL hutokea bila kugongwa, na wasichana wako hatarini zaidi ya wavulana. Mazoezi ya kupasha moto misuli ya FIFA 11+, dakika 20 hivi, hupunguza majeraha yakifanywa kila wiki bila kuruka. Sasa timu yetu haigusi mpira kabla ya kufanya mazoezi ya kutua kwa miguu miwili, magoti yakielekea kwenye vidole.

Yule msichana yuko mwezi wa saba baada ya upasuaji. Jumanne tulimpima akiruka kwa mguu mmoja: ule ulioumia ulifika asilimia 82 ya ule mzima. Tunasubiri 90. Ameniomba tena nimrudishe uwanjani, nami nimemwambia bado.