Je, wajua kwa nini bei zinazofanana si lazima ziwe za njama?

Kwa miaka mingi, kila nilipopita Ngong Road kutoka Adams Arcade kuelekea Karen, nilitazama mabango ya vituo vya mafuta na kuamini kwamba nimewanasa makateli, yaani kampuni zinazopanga bei kwa siri, mchana peupe. Kampuni zilikuwa tofauti, rangi tofauti, lakini bei ilikuwa moja hadi senti ya mwisho: mwishoni mwa Oktoba 2024, kwa mfano, lita ya petroli ya super jijini Nairobi iliuzwa shilingi 180.66. Washindani wasiosemezana wangekutanaje kwenye senti 66?

Jibu ni kwamba senti hizo hazikuamuliwa na wenye vituo. Tangu mwisho wa mwaka 2010, bei ya juu kabisa ya mafuta ya rejareja huwekwa na mdhibiti, ambaye siku hizi ni EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, na hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Hesabu huanzia kwenye gharama ya shehena iliyofika Mombasa, kisha huongezwa usafirishaji, kodi, na faida anayoruhusiwa muuzaji wa jumla na wa rejareja. Ndiyo maana dereva wa Mombasa hulipa kidogo kuliko wa Nairobi. Ni kweli kwamba bei hiyo ni dari, na mwenye kituo ana ruhusa ya kuuza chini yake. Huenda dari yenyewe imegeuka mahali pa wauzaji kukutania bila kuitana, lakini hilo haliwezi kuthibitishwa kwa kusoma mabango, na mimi ushahidi wangu wote ulikuwa mabango.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kudhani kwamba, hata pasipo mdhibiti, bei moja ingetosha kumtia mtu hatiani. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 hakikatazi bei kufanana. Kinakataza makubaliano, yawe ya maandishi au ya mdomo tu, pamoja na mwenendo wa pamoja, yaani ule unaotokana na mawasiliano ya moja kwa moja au ya kuzunguka na ambao unachukua nafasi ya uamuzi wa kila mmoja kivyake.

Wafikirie akina mama watatu wanaouza sukuma wiki kwenye steji moja, ambao wote leo wamepandisha fungu kutoka shilingi 20 hadi 30. Yawezekana mvua imekosa, bei imepanda Marikiti, soko la jumla walikonunua alfajiri, na kila mmoja, akimtupia jicho jirani yake, ameona kwamba akiuza 40 wateja watamhama na akiuza 20 atakula hasara. Yawezekana pia kwamba jana jioni, wakifunga vibanda, walikubaliana. Mteja hana njia ya kutofautisha hali hizo mbili. Sukuma ni ile ile na bei ni ile ile. Pengine bei ya wasiokubaliana ni matokeo ya ushindani mkali kabisa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuongeza hata shilingi.

Tofauti huonekana baadaye. Kwa waliokubaliana, kila mmoja ana kishawishi cha kuuza 25 kisirisiri na kuzoa wateja wa wenzake, hivyo ni lazima wachungane: wapigiane simu, waulizane nani ameshusha, wamkaripie msaliti. Wasiokubaliana hawana haja ya hayo. Mpelelezi basi haifuati sana bei. Anafuata simu, barua pepe na kumbukumbu za mikutano, na sheria inaipa Mamlaka ya Ushindani uwezo wa kuingia ofisini kuzichukua.

Sheria pia huchochea usaliti huo kwa makusudi. Kampuni inayojitokeza kwa hiari na kufichua njama iliyoshiriki yaweza kusamehewa faini yote au sehemu yake, ilhali waliobaki wakikabiliwa na adhabu inayoweza kufika asilimia 10 ya mauzo yao ya mwaka uliotangulia nchini Kenya. Ni mpango wa ajabu kidogo, ambamo serikali inamtuza mwenye njama kwa kuwageuka wenzake.

Haya si nadharia tupu. Agosti 2023 Mamlaka ilitangaza kwamba imezitoza kampuni tisa za chuma jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei. Chuma ni bidhaa ambayo bei zake zingeweza kufanana bila hatia, kwa kuwa malighafi hufuata soko la dunia. Kufanana peke yake kusingetosha.

Kuna pia bei zinazofanana kwa amri ya sheria. Ada za mawakili wa Kenya zimepangwa katika amri rasmi, na wakili anayejitangaza kuwa yuko tayari kutoza chini ya kiwango hicho anatenda kosa chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili. Kwa hiyo wakili anayeitetea kampuni ya chuma dhidi ya shtaka la kukataa kushindana kwa bei haruhusiwi, yeye mwenyewe, kujinadi kwa bei ya chini.