Uliteswa utotoni, leo ni mtu mzima: maswali kuhusu kiwewe kisichoisha

Niliteswa nikiwa na miaka 7. Sasa nina 40. Inakuwaje bado inanisumbua?

Inatokea kwa wengi, na si kwa sababu una moyo mwepesi. Hiki ndicho kiwewe: jeraha la akili linalobaki baada ya mateso. Mtoto anayepigwa au kudhalilishwa kingono na mtu wa nyumbani hana pa kukimbilia, maana anayemtesa mara nyingi ndiye anayemlisha. Mwili wake huzoea kukaa macho saa zote: moyo kwenda mbio, misuli kukaza, usingizi wa mang'amung'amu. Zoea hilo lilimlinda, lakini halikomi lenyewe hatari ikishapita. Wengine hukaa miaka mingi bila dalili kubwa, kisha zikaibuka wanapopata mtoto, mtoto huyo anapofikia umri ule ule walioteswa wao, au mtesaji anapofariki.

Nitajuaje kama ni kiwewe na si mawazo tu?

Wataalamu hutafuta mambo matatu. Kwanza, tukio linarudi kana kwamba linatokea sasa hivi: majinamizi usiku, au harufu fulani ya sabuni inakurudisha chumba kile kile mchana kweupe. Pili, unakwepa watu, mahali, hata mazungumzo yanayokukumbusha. Tatu, unahisi hatari iko karibu, unashtuka mlango ukibamizwa na hutulii mpaka ukae mgongo ukiwa ukutani. Yakidumu wiki kadhaa na kuvuruga kazi, usingizi au ndoa, ni ugonjwa unaotibika.

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika 2022, inatambua pia aina changamani ya ugonjwa huu (yenye matatizo mengi yaliyofungamana), inayowapata zaidi walioteswa mara kwa mara bila njia ya kutoka. Juu ya hayo matatu, mtu hushindwa kutuliza hisia zake (hasira ya ghafla, au ganzi kabisa), hujiona hana thamani, na huwa vigumu kwake kuwa karibu na watu.

Hapa ndipo utambuzi unapokosewa. Mtu hutibiwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), au ulevi, miaka nenda rudi bila yeyote kumuuliza utoto wake ulikuwaje. Usisubiri kuulizwa. Mwambie daktari: "Niliumizwa nikiwa mtoto, na nadhani shida hizi zinatokana na hilo." Hiyo inatosha kuanzia. Huna wajibu wa kumtaja mtu wala kusimulia lolote siku hiyo.

Mbona sikupiga kelele wala kukimbia?

Kwa sababu mwili ukizidiwa na hofu huganda. Hukuchagua, na hakuna mtoto anayebeba lawama ya alichotendewa.

Kumbukumbu zangu zina mapengo. Nizitafute?

Hapana. Mapengo ni ya kawaida, na tiba hufanya kazi kwa unachokumbuka na dalili ulizo nazo leo. Mkwepe anayeahidi "kukufukulia" kumbukumbu kwa kukupumbaza akili, yaani kukutia katika hali kama ya nusu usingizi, maana njia hiyo inaweza kuzaa kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea.

Tiba yenyewe ikoje?

Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe ndiyo inayotangulia. Aina mojawapo hupima zile imani ulizotoka nazo utotoni, kama "ni kosa langu", na kwa kawaida huchukua vikao 12. Nyingine hukurudisha kwenye kumbukumbu kidogo kidogo hadi ipoteze makali, na ipo ile ambayo unakumbuka huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu. Kikao huwa cha dakika 60 hadi 90. Walioteswa muda mrefu mara nyingi huhitaji vikao zaidi, na baadhi huanza kwa kujifunza kutuliza hisia.

Wengi huacha njiani kwa sababu dalili huweza kupanda kidogo mwanzoni. Mwambie mtaalamu kabla hujaacha, apunguze kasi. Akikulazimisha umwage yote siku ya kwanza, una haki ya kutafuta mwingine.

Dawa kama sertralini, paroksetini au venlafaksini husaidia baadhi ya watu, ila huchukua wiki kadhaa na haziachwi ghafla. Diazepamu na jamii yake hazishauriwi kwa ugonjwa huu: hutuliza kwa saa chache, hazigusi kiwewe, na mtu huzizoea haraka.

Nifanye nini tukio likinirudia ghafla?

Fumbua macho, maana ukifumba unazama zaidi. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Sema kwa sauti tarehe ya leo na umri wako. Tafuta kwa macho vitu ambavyo havikuwapo wakati ule: simu yako, funguo za nyumba yako, mikono yako ya mtu mzima. Shika kitu cha baridi. Kisha vuta pumzi kwa hesabu ya 4, uitoe taratibu kwa hesabu ya 6, dakika chache. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi nyingi kwa haraka, ambako huleta kizunguzungu na kuzidisha hofu. Fanya zoezi hili kila siku ukiwa umetulia. Ukilijaribu mara ya kwanza katikati ya hofu, utalisahau.

Mwenzangu ndiye anayeumwa. Nimsaidieje?

Mwendee kwa mbele, si kwa nyuma. Uliza kabla ya kumgusa, hata kama ni mkeo au mumeo wa miaka mingi, na akikataa pokea bila kununa. Usimshurutishe asamehe wala akakabiliane na mtesaji. Hayo ni yake kuamua. Akianza kusema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya kujidhuru vilivyo karibu, umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.