Mafuriko Bila Mawingu: Tunavyokosea Kuhusu Kaunti na Dharura

"Hakuna mvua huku, mafuriko yatoke wapi?"

Kauli hii imewaponza wengi Garissa na Tana River, kaunti mbili za Kenya. Mto Tana haujazwi na mvua ya Hola wala ya Garsen. Maji yake hushuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, yakapitia mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo la juu na ndilo kubwa zaidi. Maji yakifika mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, limejaa. Yanayozidi humwagika yenyewe. Kwa hiyo yule anayesema "wametufungulia bwawa makusudi" naye amekosea. Hata kabla ya Masinga kukamilika mwaka 1981 Tana ilikuwa ikifurika, na wakulima wa Kipokomo walipanda maji yakishapungua, kwenye tope lililoachwa na mto.

Maji huchukua siku kadhaa kutoka mabwawani hadi mashamba ya chini. Mkulima amesimama kati ya migomba yake, jua linachoma, mto umetulia, na chifu anamwambia ahame. Nani angemwamini haraka? Lakini siku hizo chache ndizo zinazopima mpango wa kaunti: tangazo kwenye redio ya eneo kwa lugha inayoeleweka, mbuzi na magunia kupandishwa juu, wagonjwa kutangulia, na shule ya mwinukoni kufunguliwa milango. Zikipita bure, kinachobaki ni kuokoana. Aprili 2024 barabara ya Garissa kwenda Madogo ilifunikwa na maji, watu wakaanza kuvuka kwa mashua, na mojawapo ikazama na abiria.

"Gavana ana hazina ya dharura, achote tu." Hazina hiyo ipo kisheria, ila haichotwi hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inamkabidhi waziri wa fedha wa kaunti. Malipo ya mwaka mmoja hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia, na ndani ya miezi miwili baada ya kulipa, waziri huyo lazima aombe idhini ya bunge la kaunti. Tena matumizi yenyewe yawe ya haraka na yasiyotarajiwa.

Hilo neno "yasiyotarajiwa" ndilo linaloniudhi kila msimu. Mto umefurika mwaka 1997, ukafurika 2018, 2023 na 2024, na bado tunaambiwa tumeshtukizwa. Mafuriko ya namna hiyo si jambo la hazina ya dharura peke yake. Mahali pake ni bajeti ya kawaida: boti, mafuta yake, dawa za kutibu maji, mahema, mafunzo ya wapiga mbizi. Hazina iachiwe lile ambalo kweli hakuna aliyeliona likija.

Kuna na wanaodhani kila kitu ni cha serikali kuu, na wengine kwamba kila kitu ni cha gavana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za zimamoto na usimamizi wa majanga, huku serikali ya kitaifa nayo ikibaki na jukumu lake la majanga. Gavana hana amri juu ya polisi wala jeshi. Kamishna wa kaunti, anayeiwakilisha serikali kuu, kwa upande wake hana magari ya zimamoto wala zahanati. Hawa wawili wasipoketi meza moja, boti itakuwa kwa mmoja na nahodha kwa mwingine.

Ukame nao hauanzi siku ng'ombe wanapoanguka. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame, ikipima malisho kwa setilaiti, umbali wa kufuata maji na bei ya mbuzi sokoni. Ngazi ni kawaida, tahadhari, hatari, dharura, kisha kujikwamua. Mfugaji anayeuza mapema, kwenye tahadhari, bado ana mnyama mwenye bei.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, miezi mitatu tu kabla ya vuli. Ukiitwa kwenye kikao cha maoni ya umma, uliza mafuta ya boti yako ukurasa gani.