Ukanda wa kijani haukuwekwa kwa ajili ya kijiji: dhana potofu kuhusu pingamizi za nyumba mpya nchini England

Tangazo la ombi la ujenzi likishafungwa kwenye nguzo ya taa karibu na lango la shamba, likiwa ndani ya plastiki ili mvua isiliharibu, kijiji cha England hakikawii kuchangamka. Mabango huchomekwa kwenye nyua za nyumba, ukumbi wa kijiji hujaa, na majirani waliozoea kupungiana mikono tu hukaa meza moja kuandika barua kwa halmashauri ya wilaya. Muda wa kawaida wa kutoa maoni ni siku 21. Barua hizo huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri, na anayezisoma kwa utulivu ataona kwamba nyingi zimeegemea jina moja, ukanda wa kijani, yaani ardhi iliyotengwa kuzunguka baadhi ya miji ili ujenzi ubanwe humo, na kulitwika uzito ambao sera yenyewe haikulitwika.

Dhana potofu: ukanda wa kijani ni ardhi iliyohifadhiwa kwa sababu ya uzuri wake na viumbe wake.

Ukweli: Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia jina hili humkumbuka marehemu Profesa Wangari Maathai na vuguvugu la upandaji miti aliloliasisi Kenya mwaka 1977, na ni rahisi kudhani kwamba Waingereza nao wanazungumzia miti. Wazo lao ni jingine na ni la zamani zaidi. Lilitolewa mwaka 1935 na kamati ya mipango ya eneo la London, likapata sheria yake mwaka 1938, na mwaka 1955 Waziri wa Nyumba wa wakati huo, Duncan Sandys, akazihimiza halmashauri za sehemu nyingine nazo zitenge kanda kama hizo kuzunguka miji yao. Sera ya taifa inataja makusudi matano: kuzuia miji mikubwa isitambae ovyo, kuzuia miji jirani isiungane, kulinda maeneo ya mashambani yasimegwe, kuhifadhi mazingira na haiba ya miji ya kihistoria, na kuusukuma ujenzi urudi kwenye viwanja vilivyotelekezwa mijini. Uzuri wa mandhari haumo katika orodha hiyo, ndege na vipepeo hawamo, wala haki ya mwananchi kutembea humo haimo.

Ukanda huo unachukua takribani asilimia 12.5 ya ardhi yote ya England, na karibu theluthi mbili yake ni ardhi ya kilimo, ambako kwa kawaida mpita njia anaruhusiwa kufuata njia ya miguu iliyotambuliwa kisheria na basi. Ndani yake kuna misitu ya kupendeza, lakini pia kuna vituo vya mafuta, maegesho ya magari na machimbo ya kokoto yaliyokwisha kuachwa. Maeneo yenye thamani ya kimaumbile hulindwa kwa sheria nyingine, yawe ndani ya ukanda au nje yake, na vijiji vya Cornwall na Norfolk, vinavyopendwa sana na wapiga picha, havina ukanda wa kijani hata kidogo. Kwa hiyo barua inayosema tu kwamba shamba ni zuri na liko kwenye ukanda wa kijani imetoa hoja mbili zisizohusiana.

Dhana potofu: ukanda unakizuia kijiji chetu kisiungane na kijiji jirani.

Ukweli: Hapa ndipo penye uchungu. Maneno ya sera ni "miji", na kwa miaka mingi wanakijiji waliyasoma kana kwamba yamesema "vijiji". Toleo la Desemba 2024 la sera ya taifa ya mipango lilianzisha kundi jipya liitwalo ukanda wa kijivu. Hili ni ardhi iliyo ndani ya ukanda wa kijani lakini haichangii kwa nguvu katika kuzuia mji mkubwa usitambae, kuzuia miji isiungane au kuhifadhi mazingira ya mji wa kihistoria. Mwongozo uliotolewa Februari 2025 ukabainisha kwamba vijiji havihesabiwi kuwa miji katika upimaji huo. Matokeo yake ni kwamba shamba lililo katikati ya vijiji viwili, hata likiwa ndilo pengo pekee lililobaki kati yake, laweza kuonekana halina mchango mkubwa, kwa sababu kazi linayoifanya ni ya kijiji na wala si ya mji.

Hilo halimaanishi kwamba kibali hutolewa papo hapo. Lazima kuwe na uhitaji wa nyumba unaothibitika, mahali pawe panafikika bila kutegemea gari peke yake, na mradi mkubwa wa nyumba utoe nyumba za bei nafuu kwa kiwango kinachozidi kile cha kawaida cha wilaya kwa pointi 15 za asilimia, bila kuvuka asilimia 50 ya nyumba zote. Mimi naona serikali ilisema waziwazi jambo ambalo maandishi yalikuwa nalo siku zote, ingawa simlaumu mzee aliyenunua nyumba yake miaka 40 iliyopita akiamini kinyume. Kijiji kinachotaka kulinda pengo lake kinapaswa kutazama kwingine: baadhi ya mipango ya wilaya ina vifungu mahususi vya kuvitenganisha vijiji, na tangu sheria ya mwaka 2011 jamii yenyewe yaweza kuandika mpango wake na kuupigia kura ya maoni. Kifungu kimoja cha mpango wa namna hiyo, kikitajwa kwa namba yake, kina nguvu kuliko kurasa tatu za masikitiko.

Dhana potofu: katika ukanda wa kijani hakijengwi kitu, na mipaka yake ni ya milele.

Ukweli: Majengo ya kilimo yanaruhusiwa, nyumba ya zamani yaweza kubadilishwa kwa mpya isiyoizidi sana kwa ukubwa, na nafasi ndogo iliyobaki kati ya nyumba za kijiji yaweza kujazwa. Ujenzi usioingia katika ruhusa za namna hiyo, wala katika masharti ya ukanda wa kijivu, hukataliwa isipokuwa mwombaji athibitishe hali za kipekee sana. Mipaka nayo hubadilishwa, lakini hubadilishwa wakati halmashauri ya wilaya inapoandika upya mpango wake wa ardhi, na mkaguzi wa kujitegemea huuchunguza mpango huo hadharani. Wengi hukosa hatua hii kwa sababu ni ndefu, ina majalada mazito na haina tangazo kwenye lango la shamba. Tangazo linapokuja kufungwa, huenda shamba lilikwisha kuondolewa kwenye ukanda miaka kadhaa nyuma na kutengwa kwa nyumba, na kinachojadiliwa ni mpangilio wa barabara na rangi ya matofali.

Dhana potofu: barua zikiwa nyingi, ombi litakataliwa.

Ukweli: Halmashauri hupima hoja, haihesabu sahihi. Barua 400 zilizonakiliwa kutoka karatasi moja huhesabika kuwa hoja moja iliyorudiwa mara 400. Zaidi ya hapo, hoja mbili zinazopendwa kuliko zote hazina uzito wowote, yaani kwamba nyumba zetu zitashuka bei na kwamba tutapoteza mandhari tunayoyaona dirishani. Kuhusu mandhari, msimamo wa sheria ya Kiingereza ni wa kale. Mwaka 1610 William Aldred, mtu wa Norfolk, alimshtaki jirani yake aliyejenga banda la nguruwe ubavuni mwa nyumba yake. Alishinda kwa sababu ya harufu, lakini majaji walieleza kwamba kuona mbali ni jambo la starehe, si la lazima, na sheria haimpi mtu madai juu yake. Zimepita karne nne na bado watu huambatisha picha za dirisha la sebuleni.

Picha inayofaa ni ya namna nyingine. Mkazi aliyepiga picha ya kijia cha kijiji kikiwa chini ya maji, akaandika tarehe, akaonyesha mtaro uliofurika na upande ambao maji yalikotoka, amewapa wataalamu wa mafuriko kitu cha kufanyia kazi. Mwendelezaji, yaani kampuni inayotaka kujenga, huandaa hesabu zake za mifereji kwa kutumia ramani na vielelezo vya kompyuta, na mtu wa mahali penyewe ndiye ajuaye kwamba kila Januari kalvati la karibu na kanisa huziba. Usalama wa njia panda, nyumba mpya kuchungulia bustani ya jirani, kelele, majengo ya kihistoria na viumbe walioko kiwanjani ni mambo yanayopimwa. Tangu Februari 2024 miradi mikubwa, isipokuwa michache iliyosamehewa, inatakiwa kuacha bayoanuwai ikiwa imeongezeka kwa angalau asilimia 10, hivyo anayeujua ua wa miti unaotaka kung'olewa ana la kusema.

Dhana potofu: wanaopinga ni matajiri wabinafsi wasiotaka majirani.

Wapo, na hawajifichi. Lakini katika barua zilezile utamkuta mama anayeuliza watoto wa nyumba mpya watasoma wapi ikiwa shule ya kijiji imejaa, na hilo ni swali halali. Jibu la kawaida ni mkataba chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya mipango ya mwaka 1990, ambao humfanya mwendelezaji achangie fedha za madarasa au upanuzi wa zahanati. Fedha hizo hujenga chumba cha daktari. Daktari mwenyewe haziwezi kumleta. Kwa upande mwingine, wapo vijana waliozaliwa kijijini humo ambao hawamudu hata kupanga chumba, na hao ni nadra kuandika barua.

Dhana potofu: halmashauri ya kijiji itaamua, na tukishindwa tutakata rufaa.

Ukweli: Halmashauri ya kijiji hutoa maoni tu, mwenye kuamua ni wilaya, na mpingaji akipewa nafasi ya kusema mbele ya kamati huwa ni ya dakika chache, mara nyingi tatu. Ombi likikataliwa, mwombaji ana haki ya kukata rufaa kwa mkaguzi wa serikali. Likikubaliwa, waliopinga hawana rufaa. Wanachobaki nacho ni kuiomba Mahakama Kuu, ndani ya wiki sita, iangalie kama sheria ilifuatwa, na mahakama hiyo haiulizi kama shamba lilifaa kujengwa au la. Wakishinda, kibali hufutwa na ombi hurudi mezani, ambapo kamati ileile haizuiwi kulikubali tena kwa sababu zilizoandikwa vizuri zaidi.