Nguvu ya kijeshi ya dola la kale ni nini hasa?

Ukiuliza kati ya Roma na Karthago, dola la Afrika Kaskazini, nani alikuwa na nguvu zaidi, wengi huanza kuhesabu: askari wangapi, farasi wangapi, tembo wangapi. Hesabu hiyo inatuonyesha jeshi lililosimama uwanjani siku moja tu. Nguvu ya kijeshi ni zaidi ya hapo. Ni uwezo wa dola kukusanya watu, kuwapa silaha, kuwalisha, kuwafikisha vitani na, wakiangamia, kuleta wengine.

Tazama Cannae, kusini mwa Italia, tarehe 2 Agosti 216 KK. Mwanahistoria Polybius anasema Warumi walikuwa na askari wa miguu wapatao 80,000 na wapanda farasi zaidi ya 6,000. Hannibal, jemadari wa Karthago, alikuwa na askari wa miguu kama 40,000 na wapanda farasi 10,000. Aliiacha safu yake ya katikati irudi nyuma polepole. Warumi wakasonga ndani, askari wake kutoka Afrika wakawabana kushoto na kulia, kisha wapanda farasi wakawafungia njia kwa nyuma. Mwanahistoria wa Kirumi Livy anataja Warumi karibu 48,000 waliouawa. Polybius anasema 70,000. Hata tukishika idadi iliyo ndogo, hayo ni mauaji ya kutisha kwa mchana mmoja.

Kwa kipimo cha siku ile, Karthago ndiyo iliyokuwa na nguvu. Lakini Roma haikuomba amani. Iliandikisha vijana wapya, ikanunua watumwa 8,000 waliokubali kupigana, na miaka minne baadaye ilikuwa na legioni, yaani vikosi vikubwa vya jeshi, zaidi ya 20 vitani, kila moja ikiwa na maelfu ya watu.

Watu hao walitoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Miji ya Italia iliyoshindwa na Roma haikutozwa kodi. Iliingia mkataba wa kutoa askari. Polybius anakadiria kwamba mwaka 225 KK, Warumi na washirika wao walioweza kushika silaha walikuwa zaidi ya 700,000 wa miguu na 70,000 wa farasi. Hannibal alilijua hilo, ndiyo maana alihangaika kuwatenga washirika na Roma. Mji wa Capua ulihamia kwake, lakini miji ya Kilatini haikumfuata. Karthago, kwa upande wake, ilitegemea sana mamluki. Ilipochelewa kuwalipa baada ya vita vya awali na Roma vilivyokwisha 241 KK, waliigeukia na kuipiga kwa zaidi ya miaka mitatu.

Tahadhari moja: takwimu za kale zisimezwe nzimanzima. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus alimpa Xerxes, mfalme wa Uajemi, wapiganaji zaidi ya milioni mbili, na hakuna jeshi la wakati ule ambalo lingeweza kulishwa kwa idadi hiyo.

Nguvu pia hupungua kadiri jeshi linavyokwenda mbali na ghala lake. Sehemu hii husahaulika mno, na Kushi, katika Sudan ya leo, inaifundisha vizuri. Miaka ya 20 KK, jeshi la malkia mwenye cheo cha Kandake lilivamia Aswan, kusini mwa Misri iliyokuwa chini ya Roma, na kuondoka na sanamu za mfalme mkuu wa Roma, Augustus. Gavana wa Misri, Petronius, akawafuata. Mwanajiografia Strabo anasema alikuwa na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800 dhidi ya watu 30,000, na akashinda. Aliteketeza Napata, mji wa Kushi. Mbele yake kulikuwa na jangwa na joto, akaamua kurudi, akiacha askari 400 katika ngome ya Primis na chakula cha miaka miwili. Wakushi wakaja tena. Mwishowe wajumbe wao walikutana na Augustus kisiwani Samos, naye akawafutia kodi aliyokuwa amewatoza.